Kichwa Juu, Seif

Kwenye mazishi ya Derek tulikaa mabenchi ya nyuma, kama tulivyozoea kukaa popote, ili wengine waweze kuona. Watu wenye maumbo kama yetu hujifunza adabu hiyo mapema. Baada ya ibada tukapelekwa ukumbini kwenye chai na sandwichi za tango, zilizokatwa ndogo kiasi kwamba Pritesh alikuwa akizimeza mbilimbili bila aibu. Tulikaa kimya tukisikiliza wengine wakimsimulia marehemu, kocha wetu wa zamani: ile pasi ya ajabu, ule ushindi kwenye theluji, yule kijana aliyekimbia na mpira uwanja mzima. Mama mmoja mwenye kofia nyeusi akatugeukia kwa upole, akauliza sisi tulicheza nafasi gani. Pritesh akamwambia, mstari wa mbele. "Oh, lovely," akasema yule mama, akaenda kutafuta biskuti. Tulicheka mpaka watu wakatutazama. Kicheko kilipoisha, Seif, aliyekuwa amekaa kando yangu, akaniuliza swali moja kwa sauti ya chini. Swali lenyewe nitalisema baadaye, kwa sababu bila kuueleza mwaka ule halina maana, na tangu aniulize nimekuwa mtu wa kusimama dirishani na kusahau nilichokuja kufanya.

Mchezo tuliokuwa tukiucheza ni ule wa Kimarekani, wa helmeti na mabega ya plastiki. Vyuo vya hapa Uingereza huucheza kwenye viwanja vya raga vya kukodi, mbele ya watazamaji ambao wengi wao ni wachumba wa wachezaji. Kila timu ina kijana mmoja wa kuurusha mpira, na huyo ndiye anayepigwa picha. Mbele yake husimama watano wanene, na kazi yao ni kuwazuia watu wa upande wa pili wasimfikie. Ukimwacha wa katikati, ambaye huupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake na kuachana nao hapo hapo, hawa watano wanaweza kumaliza msimu mzima bila kuugusa. Wakifanya kazi vizuri hakuna anayejua kuwa wapo. Wakikosea mara moja, mrushaji anazikwa matopeni na uwanja mzima unauliza alikuwa wapi yule mjinga wa kushoto. Mimi nilikuwa mjinga wa kushoto tangu mwaka wangu wa kwanza chuoni mpaka goti lilipogoma. Nilikuwa nimebaki Thamesmead, nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kisii, naosha na kulisha wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, na nilidhani mambo ya helmeti yameniisha. Derek akanipigia simu. Akaniita kwenye lile kontena tulilowekea vifaa, lililonuka jasho la watu waliokwisha kuhitimu na kuoa, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Hao watano ni wako, Kaz," akasema. "Nani acheze, hiyo ni kazi yangu. Acheze vipi, hiyo ni yako." Mimi jina langu ni Kazungu, lakini Derek hakuwa na muda wa silabi tatu. Nilifurahi kama mtu aliyepewa shamba, na sikujiuliza kama shamba lenyewe lina hati.

Seif alikuja mwaka ule ule. Alikuwa mtoto wa Kipemba aliyeletwa London akiwa mdogo, mrefu, mpana, mpole mpaka ukamwonea huruma. Wiki za kwanza alikuwa akimgonga mtu halafu anamwomba radhi. Ilinibidi nimwambie, Seif, mwombe radhi baada ya filimbi. Pritesh wa Stanmore, ambaye bibi yake alizaliwa Mombasa na alinikaribisha kwa Kiswahili kilichonizidi mimi, ndiye aliyekuwa akiba ya Seif, na Pritesh mwenyewe alikubali kuwa hawalingani. Seif alikuwa na miguu. Watu hudhani kazi ile ni ya kifua, kumbe ni ya miguu na viganja: hatua fupi ya nyuma, nyonga chini, viganja ndani ya kifua cha adui, na kichwa juu. Hilo la kichwa nililisema mpaka likawa wimbo. Anayeinamisha kichwa wakati wa kugongana anaipa shingo mzigo usio wake, na mimi nilikuwa nimeona mtu akibebwa kwenye ubao kwa sababu hiyo. Kwa hiyo siku ya kwanza, siku ya mvua, siku ya barafu, nilikuwa nikipaza sauti: kichwa juu, Seif. Naye akajifunza. Alikuwa akifanya mazoezi ya hatua jikoni kwa mama yake, kwenye vigae, mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Sijawahi kumfundisha mtu aliyesikia vile. Nilimpenda yule kijana, na sioni haya kuliandika.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia Novemba, na kwa mtu wa London hiyo ni nusu ya rehema, maana jua linazama kabla hujamaliza kulilalamikia. Seif alifunga na kufanya mazoezi. Alikuwa akificha tende ndani ya glavu, na giza likiingia tukiwa bado uwanjani namwona anainama kama anafunga kamba ya kiatu, anatafuna. Mimi ndiye niliyekabidhiwa uzito wake, na uzito ulikuwa unashuka, kwa hiyo mama yake, Bi Salama, akanialika futari nije nione kwa macho yangu kwamba mwanawe halali njaa. Walikuwa wakiishi ghorofa za nyuma ya Edgware Road, mahali ambapo harufu ya shisha na nyama ya kuchoma hupanda mpaka dirishani. Sebule ilikuwa na makochi kuzunguka kuta zote nne, televisheni ya Kiarabu iliyozimwa sauti, na saa ya ukutani inayotoa adhana. Nilimwamkia Bi Salama shikamoo, naye akaniitikia huku akinipima tumbo kwa macho. "Na wewe umekonda," akasema, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniambia kabla wala baada. Adhana ikalia. Tukala tende, tukanywa shurba, supu nzito ya ngano, kisha ukashushwa mkekani muhogo wa nazi, samaki wa kukaanga, tambi na kaimati. Mimi ni Mkristo wa Kilifi, lakini nimekua na majirani Waislamu na najua kukaa mkekani. Nikala.

Nilikuwa katikati ya kusifia muhogo niliposikia sauti ya Bi Salama imebadilika. "We Seif! Mkono gani huo?" Nikatazama. Seif alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto. "Mgeni yupo, unanitia aibu," mama yake akasema. "Ushakuwa Mzungu?" Seif akacheka, akasema, "Sorry, Mama, I forgot." Akauleta mkono wa kulia kwenye sahani, akalimega tonge la muhogo, na vidole havikulibana. Muhogo ukaanguka. Akalimega tena, likaanguka tena. Bi Salama alikuwa ameshageuka kumimina chai, akiendelea kulalamika kuhusu watoto wa London wasiojua kulia wala kushoto. Mimi nilikuwa nimeacha kutafuna. Nimelelewa pwani, najua kwamba mtu hasahau mkono wa kulia, kama asivyosahau jina lake. Mtoto anachapwa kofi la kiganja kwa hilo kabla hajajua kutembea vizuri. Wenzake wa timu, Waingereza na Wanijeria, wangekula naye mwezi mzima kwa kushoto wasione kitu. Nadhani ndiyo maana alikuwa amezoea.

Nilimbana kwenye ngazi wakati ananisindikiza. Alikataa kwanza, kisha akakubali. Ukigongwa vibaya, alisema, moto unashuka kutoka shingoni mpaka kwenye kidole gumba, halafu mkono unakufa kidogo, halafu unarudi. "Unarudi lini?" nikamuuliza. "Zamani ulikuwa unarudi hapo hapo," akasema. "Sasa unachelewa. Lakini unarudi, Coach, wallahi unarudi." Akaniomba nisimwambie mtu. Nikamwambia nitawaambia wote, kuanzia Derek, na akanichukia pale kwenye ngazi kwa uso ulio wazi kabisa. Nilitembea mpaka kituoni katikati ya wageni wa Muscat na mifuko yao ya maduka, na nilikuwa na hakika kwamba jambo zito limekwisha: nimeliona mapema, nitalisema, watu wazima watafanya linalopaswa. Nikikumbuka hakika ile huwa natamani kuicheka.

Derek hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, hasa sasa ambapo hawezi kujibu. Alinisikiliza, akamsimamisha Seif mazoezini siku ile ile, akampeleka kwa yule dada mwanafunzi wa fiziotherapia aliyekuwa akitusaidia. Dada akampa kidude cha kuminya ili apime nguvu ya kiganja. Seif alikuwa amepumzika siku kadhaa bila kugongwa, na mkono ulikuwa umerudi, kama alivyoapa. Akakiminya vizuri tu. Daktari wa mtaa akamgeuza shingo huku na huku, akasema inaweza kuwa neva, inaweza kuwa msuli, akamwandikisha apigwe picha ya shingo, na foleni ya picha ilikuwa inafika majira ya kuchipua. Nikauliza: mpaka hapo acheze, asicheze? Daktari, alivyosimulia Seif, alisema aache kama inamuuma. Seif akasema haimuumi. Nikarudi kwa Derek nikamwomba amweke benchi mpaka picha itoke. Tulikuwa kwenye kontena, mvua inapiga bati, na ndoo yake ile ile. "Nina karatasi gani ya kumzuia mtu mzima?" akaniuliza. "Na nikimzuia, Pritesh atasimama pale, na yule mrushaji wangu atavunjwa mbavu. Huyo naye ana mama." Akanishika bega. "Mfundishe asiumie, Kaz. Ndiyo kazi yako."

Basi nikaenda kwa Bi Salama, Ramadhani ikiwa imekwisha, nikamkuta anapiga pasi makanzu ya wajukuu wa dada yake. Nikamweleza yote kwa Kiswahili kilichonyooka: shingo, moto, vidole, ule muhogo. Akaiweka pasi chini. "Nilimgombeza," akasema. "Nilimgombeza mbele ya mgeni." Nikamwambia amkataze kucheza, yeye ni mama. Akanitazama kwa mshangao, kama nimemwambia aizime mvua. "Mie nimkataze? Mtu keshakuwa kama mlango? Nikimkataza atakwenda kwa siri, na akienda kwa siri hatakuwa na wa kumtazama. Wewe uko naye, baba. Muangalie wewe." Kisha akaniwekea visheti kwenye mfuko wa plastiki, vingi, vya kula wiki nzima. Nilishuka zile ngazi nikiwa na mfuko mkononi na hasira isiyo na wa kuipokea. Derek amenikabidhi, mama amenikabidhi, daktari amemrudisha kwangu. Kila mtu aliniachia Seif mikononi, na hakuna hata mmoja aliyenipa neno la kumsimamisha. Hata yeye mwenyewe, nilipomwomba kwa mara ya mwisho, alinijibu kwa upole, "Coach, nikiacha hii nitakuwa nani? Nitarudi kuwa yule bonge wa darasani."

Nikafanya kitu pekee nilichokuwa nacho. Baridi yote ile nilimvunjavunja na kumjenga upya. Nilimbadilisha mkao, magoti yachukue kazi ya mgongo. Nilimfundisha kumpokea mtu kwa viganja tu na kumwongoza apite pembeni, badala ya kumkabili kifua kwa kifua. Nilimfunga kitambaa cha rangi chini ya kidevu: ukiinama, kinakugusa, unasikia. Nikamfundisha na Pritesh vilevile, usiku na mchana nikiombea awe mzuri ghafla, na Pritesh maskini alijitahidi mpaka akatapika kando ya mstari wa chaki. Kule kazini wazee wangu waliniona nimekuwa mtu wa kukaa mkao wa ajabu kwenye korido, nikijaribu pembe za nyonga. Bibi mmoja aliuliza kama nimebanwa na choo. Lakini matokeo yalikuja. Kufika Februari Seif alikuwa anacheza kwa namna ambayo sijaiona tena kwa mtu wa mchezo ule hapa. Hakuna aliyempita. Mechi zilikwisha mkono ukiwa mzima, akinionyesha vidole kutoka katikati ya uwanja, anavifungua na kuvifunga, anatabasamu. Nikaanza kulala. Nikaanza hata kufikiri kwamba labda Derek alikuwa na akili kuliko mimi, kwamba mtu kweli anaweza kufundishwa asiumie.

Mechi ya mwisho ilichezwa Jumapili, matope mpaka kwenye vifundo, na Bi Salama akaja kutazama kwa mara ya kwanza. Alisimama kando yangu na chupa ya chai na mwavuli, amejifunga shali mbili. "Mbona hawampi mpira?" akaniuliza. Nikamweleza. "Hata mara moja?" Hata mara moja. "Kawafanyia nini?" Nilicheka, na nakumbuka kwamba nilicheka kwa raha kabisa. Uwanja mzima ulikuwa unautazama mpira, yeye alikuwa anatazama kila kinachotembea, na mimi nilikuwa nikimtazama mtu mmoja tu. Sijui tulikuwa na pointi ngapi. Sijui nani alifunga. Najua kila hatua aliyopiga Seif. Kwa hiyo naweza kusema ilivyokuwa, na nadhani niko peke yangu wa kuweza kusema. Mrushaji wetu aliteleza akarudi nyuma. Mmoja wa upande wa pili, mwepesi, akaja kwa mbio kutoka pembeni. Seif akapiga hatua fupi ya nyuma, nyonga chini, viganja vikatoka kwa wakati, magoti yamekunjwa, uso wote uko juu, nauona mpaka leo nyuma ya vyuma vya helmeti. Kilikuwa kitu kizuri. Wakagongana, na mtu wa tatu, aliyekuwa ameshaanguka, akajiviringisha kwenye matope akampiga Seif nyuma ya miguu, na wote watatu wakashuka, na helmeti ya yule mwepesi ikashuka nao, ikamtua Seif shingoni. Mrushaji akautupa mpira, watu wakapiga makofi. Seif akainuka. Akatembea mwenyewe kuja kwangu, mkono wa kulia unaning'inia, na hakuvifungua vidole wala kuvifunga. "Haurudi," akaniambia kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote alinijibu Kiingereza nusu. Mama yake akaiacha chupa ya chai ikaanguka.

Walimfanyia operesheni, wakaunga mifupa ya shingo. Aliambiwa ana bahati, atatembea, na kweli anatembea. Mkono haukurudi. Nilikaa kwenye korido ya hospitali na Bi Salama siku nyingi, tukila mikate ya kununua kwenye mashine, na hakuwahi kunilaumu hata kwa jicho. Laiti angenilaumu. Alikuwa akiniuliza kama nimekula. Chuo kilileta maua, Derek akaleta jezi yenye saini za timu, nikamwona amesimama mlangoni nayo bila kujua aiweke wapi. Niliacha kufundisha mwisho wa msimu. Derek aliniomba nibaki, akasema hajawahi kuona mwalimu wa mstari anayefundisha vile, na alikuwa anasema kweli, na kwa sababu hiyo hiyo nikaacha.

Sasa nirudi ukumbini. Seif ana wana watatu sasa, wote wanacheza raga, wote wana miguu ya baba yao. Aliinama karibu yangu, kikombe kikiwa kwenye mkono wa kushoto, akasema, "Kaka Kazungu, siku ile niliinamisha kichwa, sivyo? Mimi sikumbuki kitu. Lakini lazima niliinamisha." Akasema amewaambia wanawe hivyo tangu wadogo: baba hakumsikiliza kocha wake, mtazameni mkono wake, nyinyi wasikilizeni wenu. Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayeuliza njia anayoijua. Nami nikaona kwamba hapa, mwishowe, kuna kitu naweza kumpa. Nilikuwa nimekibeba miaka yote hiyo bila kujua kwamba anakihitaji. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kichwa kilikuwa juu. Nikamweleza hatua, nyonga, viganja, uso wake nilivyouona. Nikamwambia hakukosea hata kidogo, kwamba katika maisha yangu sijaona mtu akifanya jambo lile kwa usahihi kuliko vile.

"Una hakika?"

"Nilikuwa nakutazama wewe tu."

Akakiweka kikombe chini. Pritesh alikuwa amesimama mlangoni na makoti yetu, anatuita, teksi imefika. Seif hakuinuka. Nilimwona anatafuta kitu usoni kwangu, na ningeweza bado kusema labda nimesahau, ni zamani sana, kulikuwa na matope. Sikuweza.

"Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nimeshajisamehe. Sasa nimsamehe nani?"